Bi Mkubwa na Mkojo wa Panya

Nilianza kuinusa Jumatatu asubuhi, na mpaka leo nikivuta pumzi kwa nguvu naipata tena. Harufu ya mkojo wa panya. Si panya mmoja aliyepita njia akaenda zake. Ni ukoo mzima, mababu mpaka vilembwe, waliokojoa mahali pamoja miaka nenda miaka rudi. Ilikuwa inatoka kwenye bawa la kushoto la ndege ambayo Jumamosi, kwenye sherehe ya miaka hamsini, ilitakiwa kuruka mbele ya wageni wa klabu, mdogo wangu akiwa kiti cha mbele na baba yetu kiti cha nyuma. Karatasi ya kuthibitisha kwamba ndege hiyo ni salama nilitakiwa kuisaini mimi.

Mimi ni fundi wa ndege, na utaalamu wangu hasa ni kitambaa. Nikisema hivyo watu hucheka, wanadhani nashona mapazia. Basi niwaeleze. Kuna ndege nyepesi za zamani ambazo hazikuvikwa bati. Kiwiliwili ni mabomba ya chuma yaliyochomelewa, mabawa ni boriti na mbavu za mbao, halafu vyote vinavikwa kitambaa. Kitambaa kinashonwa kwenye kila ubavu kwa sindano ndefu kama mkono, kisha kinapakwa dawa ya kukikaza, mara sita au saba, mpaka ukikigonga kwa kidole kinalia kama ngoma. Kikizeeka hakilii. Kwa macho huwezi kujua, maana rangi iko juu yake inang'aa na kukuchekea. Na hicho kitambaa ndicho kinachokushikilia hewani, hakuna kingine.

Yetu ilikuwa na viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, kama watu wa baiskeli moja. Gurudumu dogo mkiani, pua juu, injini ndogo ambayo asubuhi za baridi inakohoa kama mvuta sigara. Tuliiita Bi Mkubwa kwa sababu ndiyo iliyotangulia kuja klabuni. Zile za bati zilizofuata tuliziita bi wadogo, na kama ilivyo ada, bi wadogo ndio waliopewa banda lenye sakafu nzuri.

Mwenyekiti wa klabu, yeye akiwa hayupo, tulimwita Manukato. Mtu yule anajimwagia marashi kiasi kwamba unajua amefika kabla hujasikia mlango wa gari lake. Jumatatu ile alikuja na kalamu na karatasi safi.

"Fundi, nipe historia ya Bi Mkubwa kwa ajili ya hotuba," alisema. "Kitu kizito. Nataka watu watoe leso."

Nikampa. Nilimwambia ndege za aina hii zilitengenezwa kwa maelfu, rahisi na nyepesi, ili kufundishia vijana waliokuwa wanapelekwa vitani, na wengi wao hawakurudi. Vita vilipokwisha zikauzwa kama mitumba kwa wakulima na vilabu. Yetu ilifika hapa imefungwa ndani ya masanduku mawili. Imebeba barua. Imebeba daktari na begi lake kwenda mahali ambapo barabara ilikuwa imekatika, kwa kuwa inatua popote penye urefu wa uwanja wa mpira na nyasi zilizofyekwa. Imebeba maiti moja, iliyokalishwa kiti cha nyuma na kufungwa mkanda, maana hapakuwa na pa kuilaza. Rubani alisema ilikuwa abiria pekee ambaye hakuuliza maswali. Imenyunyiza sumu ya wadudu misimu minne, na rubani wa enzi hizo alikuwa akishuka anatapika kwenye nyasi. Imeburuta bango la tangazo la sabuni juu ya watu waliokuwa kwenye mazishi, kwa makosa ya ramani. Na imewafundisha kuruka karibu wote wanaoringa leo na sare zenye mistari ya dhahabu mabegani.

Manukato aliandika hadi kwenye daktari, kisha akaifunga kalamu.

"Maiti tutaiacha," alisema. "Sumu pia. Na hiyo sabuni. Hapa nitaweka neno 'utukufu'."

"Utukufu gani, Mwenyekiti? Ndege imefanya kazi, basi."

"Fundi, wewe huna lugha ya sherehe." Akavuta pumzi, akakunja pua. "Hii harufu ni ya nini?"

Nikamwambia. Akatoa kichupa mfukoni, akafungua mlango wa Bi Mkubwa, akapuliza marashi yake ndani ya ndege, kiti cha mbele, kiti cha nyuma, mpaka kwenye shina la bawa, pale linaposhikana na kiwiliwili. Alipuliza kwa madaha, kama anayebariki nyumba mpya. Kisha akaenda zake. Ndugu zangu, kama hamjawahi kunusa marashi juu ya mkojo wa panya, msitamani. Nilitoka nje kutafuta hewa.

Niliporudi ndani, Baba alikuwa amekaa mahali pake, dirishani. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi hii. Kwa miaka arobaini hakuna mkono mwingine ulioruhusiwa kumkagua Bi Mkubwa ila wake, na hata baada ya kustaafu mwaka jana alikuwa anakuja kila asubuhi, anaketi juu ya robota lililofungwa kwa turubai na kamba, anakunywa chai na kutukosoa. Robota hilo tuliliita kiti cha Mzee. Alisema ndani yake mna vitambaa chakavu vya kufutia mafuta. Hakuna aliyethubutu kulikalia.

"Baba, bawa la kushoto linanuka."

"Panya," alisema bila kugeuka. "Hakuna banda lisilo na panya. Toboa kidogo, toa uchafu, bandika kiraka, saini. Kitambaa hicho nilikivika mwenyewe miaka minane iliyopita. Bado kijana hicho."

"Nafikiria kulifungua lote."

Hapo aligeuka. "Kulifungua lote, na Jumamosi ndiyo hiyo mlangoni? Unataka kuniaibisha? Mwanangu, siku yangu moja tu hiyo. Wameandika jina langu kwenye bango."

Kweli walikuwa wameliandika. Baba alikuwa amekwisha nunua koti. Nikarudi kwenye zana zangu, maana kwetu mtu hajibizani na mzazi wake mbele ya chai yake.

Jumanne asubuhi nilipofungua banda, ule mchanganyiko ulinipiga usoni kama kofi. Marashi yalikuwa yamechacha. Nikasema, hapana, hii leo naikomesha. Nikachukua kidude cha kupimia, kitu kama kalamu nene yenye springi ndani na ncha butu. Unakikandamiza kwenye kitambaa. Kitambaa kizima kinabonyea halafu kinarudi. Nilikikandamiza karibu na shina la bawa. Kikapita moja kwa moja, kama kwenye karatasi ya msalani. Nikasogea hatua moja. Kikapita. Hatua nyingine, kikapita, na kwenye hilo tundu la tatu kikadondoka kinyesi cha panya, kikavu, kikanigonga kidole cha mguu.

Nilikata mraba wenye ukubwa wa trei. Sijui nianze wapi. Kulikuwa na kiota kikubwa kuliko mto wa kulalia, kimetengenezwa kwa sufi ya viti, manyoya ya ndege, vipande vya ramani na nywele za binadamu. Kulikuwa na watoto wa panya waliokufa wakakauka wakawa kama tangawizi. Chini yake boriti ya bawa, ule mti mkuu unaobeba kila kitu, ilikuwa nyeusi na inatoa majimaji. Niliigusa kwa ncha ya bisibisi na bisibisi ikaingia. Skrubu za chuma zilikuwa zimeliwa na kutu hadi zikabaki nyembamba kama njiti. Nilivua glovu nikaenda nje, nikatapika kwenye nyasi zilezile.

Sasa niwaambie desturi yetu, kwa sababu ndiyo iliyoniumbua. Kabla ya kufunga bawa, fundi aliyelishona huandika kwa penseli ya seremala juu ya boriti: jina lake, tarehe, na neno moja la siku hiyo. Mvua kubwa. Nimeumwa jino. Hakuna anayeliona tena mpaka kitambaa kitakapovuliwa, na anayeliona ni fundi mwenzako tu. Baba ndiye aliyenifundisha. Alikuwa akisema kitabu cha ndege kinaandikwa ofisini, penseli inaandikwa bawa likiwa mbele yako.

Kwa hiyo nilirudi, nikakata zaidi mpaka penye mti mkavu, nikamulika na tochi. Saini zilikuwa tatu. Ya kwanza ya fundi wa kigeni, imefifia. Ya pili ya mwalimu wake Baba. Ya tatu ya Baba mwenyewe, mwandiko wake wa ujanani, ulionyooka: jina, tarehe, halafu, "Mtoto wa kiume kazaliwa alfajiri. Kitambaa kizuri."

Mtoto huyo ni mdogo wangu, rubani. Ana miaka thelathini na mmoja.

Nilitafuta ya nne, ile ya miaka minane iliyopita. Nikajiambia labda mkojo umeifuta. Nikaenda bawa la kulia, ambalo halikuwa na panya, nikakata na huko. Saini tatu. Tarehe zilezile, na mtoto yuleyule wa kiume. Basi nikaokota kipande cha kitambaa nilichokikata, nikakigeuza. Juu rangi tabaka nne, ya mwisho ikiwa safi kabisa. Chini yake kitambaa cha kahawia, kinavunjikavunjika kama maganda ya kitunguu.

Nilikwenda ofisini nikafungua kitabu cha ndege. Mwandiko wa Baba: "Mabawa yote mawili yamevuliwa na kuvikwa kitambaa kipya. Boriti zimekaguliwa, nzima." Saini yake. Kazi kubwa kama hiyo inataka saini mbili, ya mtendaji na ya shahidi aliyeona. Chini ya saini yake ilikuwepo ya pili, yenye mkia mrefu wa mbwembwe.

Ilikuwa yangu.

Nikaikumbuka siku yenyewe, kwa ukamilifu unaokera. Nilikuwa nimetoka likizo. Bi Mkubwa alikuwa anang'aa kwa rangi mpya uani. Baba akaniita ofisini, akasema, "Nimekwisha maliza wakati hukuwepo, weka saini hapo, karatasi inataka wawili." Nilikuwa na kikombe cha chai mkono wa kushoto. Sikukiweka hata chini. Nilisaini huku ninasimulia habari za safari yangu.

Watu husema mtu akigundua jambo kama hili anahisi huzuni. Mimi sikuhisi huzuni. Nilihisi kinyaa, kile cha kukanyaga kitu laini gizani bila viatu. Kwa miaka minane watoto wa watu wamejifunza kuruka wakining'inia kwenye maganda ya kitunguu, na jina langu liko chini, na mkia wake wa mbwembwe.

Nilirudi bandani. Baba alikuwa ameketi na koti jipya begani, analijaribu. Mdogo wangu alikuwa ameingia kutoka kwenye darasa la asubuhi, kofia mkononi, anacheka na Baba kuhusu nani atamshika nani wakipita hewa mbaya.

"Baba, inuka kidogo," nilisema.

"Kuna nini?"

"Naomba uinuke, Baba."

Akainuka. Nilikata kamba ya lile robota, nikafunua turubai. Ndani mlikuwa na kitambaa cheupe, kipya, kimekunjwa kiwandani, lebo ya ukaguzi bado imening'inia. Kinatosha mabawa mawili na chenji. Miaka minane ameketi juu yake akituambia namna ya kushika sindano.

Mdogo wangu aliacha kucheka. "Dada, hiki nini?"

"Muulize Baba."

Baba alitazama kile kitambaa kana kwamba kimemsaliti. Kisha akaketi juu ya kigogo kilichokuwa kando, taratibu, akaiweka mikono juu ya magoti. Ilikuwa inatetemeka. Siku zote inatetemeka. Sisi tulisema ni uzee, ni chai kali.

"Macho yalikuwa na mtoto wa jicho," alisema. "Yote mawili. Nilijaribu siku nzima kutunga uzi kwenye sindano. Siku nzima. Nilimfungia mlango kila mtu ili nisionekane. Mngesema nini? Fundi wa kitambaa asiyeona uzi. Mwenyekiti alikuwa anaitaka ndege Ijumaa. Nikasema nipake rangi kwanza, macho yakitibiwa nitaivua kimyakimya."

"Macho yalitibiwa miaka minne iliyopita," nilisema.

"Mikono ndiyo ikawa imeanza."

"Mimi nilikuwepo, Baba! Mikono yangu ilikuwepo!"

"Ningekuambia nini?" Akainua sauti. "Nilikwisha andika kitabuni!"

Nilimhurumia. Sitadanganya, nilimhurumia mzee yule aliyejifungia siku nzima na sindano isiyo na uzi. Na bado nilipomtazama, koti jipya begani, nilitamani kunawa.

Manukato akaingia wakati huohuo; tulijua kabla hatujamwona. Alikuta shimo kwenye bawa, akashika kichwa. Nilimweleza kwa maneno machache. Unajua alisema nini? Hakuuliza nani angekufa.

"Dakika kumi," alisema. "Mzunguko mmoja tu. Kiraka kizuri, rangi, unasaini, inaruka, inatua, Jumatatu mnaivua yote. Mama, tusiharibiane. Kadi zimekwisha sambazwa."

"Boriti imeoza. Naweza kuingiza kidole."

"Imeoza, imeoza, na wiki iliyopita si iliruka? Mzee, sema na mwanao."

Sote tukamgeukia Baba. Hapo ndipo nilipotegemea mwalimu wangu anyanyuke. Nilikuwa bado namsubiri, mjinga mimi, kama mtu anayesubiri basi lililokwisha futwa.

Baba alilainisha koti kwa kiganja. "Ikiendeshwa pole pole," alisema, "bila kukata kona kali... Nami nitakuwa nyuma yake. Kitu kikitokea kitatupata wote wawili. Saini, mwanangu. Jumatatu tutaivua, mimi na wewe, hakuna atakayejua."

Mdogo wangu alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake. Alimtazama Baba kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma bango la lugha asiyoijua.

Nilichukua kisu cha kukatia kitambaa, nikapanda kwenye ngazi, nikachoma bawa la kushoto penye shina na kuvuta mpaka kwenye ncha. Kitambaa kizima ukikichana kinalia, unaweza kukisikia ukiwa barabarani. Hiki hakikulia. Kilifunguka chenyewe, na uchafu wa miaka ukamwagika sakafuni, na vumbi lake likatua juu ya viatu vya Manukato. Alirudi nyuma akiruka kama anayekanyaga makaa. Nikahamia bawa la kulia. Nilipomaliza, hakuna kiraka duniani ambacho kingeweza kumrusha Bi Mkubwa Jumamosi ile.

"Utaijibu kamati!" Manukato alipiga kelele kutoka mlangoni.

"Nitaijibu na mamlaka ya usafiri wa anga. Barua inakwenda Alhamisi, na kitabu cha ndege ndani yake."

Mdogo wangu alikwenda ofisini, akarudi na kitabu hicho kimefunguliwa. Alikuwa ameweka kidole chini ya saini ya pili.

"Na hii?"

"Yangu."

"Uliyaona mabawa?"

"Hapana."

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nakunywa chai."

Akakifunga kitabu polepole. "Mwezi uliopita nilimrusha binti yangu," alisema. "Siku yake ya kuzaliwa. Alikaa nyuma. Aliniomba nikate kona kali, nikakata. Wewe ulikuwa pale chini, Dada. Ulikuwa unampungia mkono."

Nilimwambia sikujua, na nilipolisikia lile neno likitoka kinywani mwangu lilinuka kuliko bawa. Aliweka kitabu juu ya meza, akaenda kwenye bomba la nje, akanawa mikono. Alinawa kwa sabuni mara tatu, mpaka kwenye viwiko, kisha akaondoka bila kuaga. Katika maisha yake yote mdogo wangu hajawahi kuondoka mahali nilipo bila kusema, "Dada, nimekwenda."

Barua niliituma Alhamisi. Niliandika yote, nikataja majina mawili, la Baba na langu, na langu nikalitanguliza. Ijumaa wakajibu kwa simu kwamba leseni yangu imesimamishwa mpaka uchunguzi uishe. Yule wa upande wa pili alikuwa mpole. Aliuliza kama nina swali. Nilimuuliza kama wanaweza kuwatafuta wanafunzi wote wa miaka minane, wawaambie. Akasema hilo si utaratibu wao.

Jumamosi sherehe ikafanyika. Kuna watu hata wakifiwa na aibu wanatandika meza. Walimtoa bi mdogo mmoja wa bati, wakambandika maua, na mdogo wangu akamrusha peke yake. Sisi tuliokuwa tunajua tulifungiwa bandani, yaani nilijifungia mimi, nikawa navua mabaki ya kitambaa kwenye mbavu. Kupitia kuta za mabati nilisikia kipaza sauti na Manukato akisoma: miaka hamsini ya utukufu, malkia wa anga, daktari na begi lake. Watu walipiga makofi. Marashi yake bado yalikuwa ndani ya kiti cha nyuma.

Mlango mdogo ulisukumwa. Baba aliingia, bila koti. Hakwenda dirishani. Alikuja akasimama kando yangu, akalitazama bawa lililobaki mifupa mitupu, na ile boriti nyeusi katikati.

Nilikuwa nimekwisha andika. Kabla hajaingia nilikuwa nimechukua penseli ya seremala, nikatafuta mahali chini ya saini yake, nikaandika jina langu na tarehe na neno la siku.

"Umeandika nini?" aliuliza. Hata baada ya kutibiwa, macho yake hayakuweza kusoma maandishi madogo ya penseli.

Nikamsomea. "Nilisaini miaka minane iliyopita bila kuona. Leo nimeona."

Nje injini ya bi mdogo ilipita juu yetu, mabati yakatetemeka, watu wakashangilia. Baba alingoja mpaka kelele zikapungua.

"Na mimi je?" alisema.

Ningeweza kumwandikia. Alikuwa baba yangu. Nilimpa penseli. Nikamshika kiwiko, nikampeleka mpaka penye nafasi iliyobaki, upande wa shina, ambako panya walikuwa wamelala.

Aliinama sana, uso karibu kuigusa ile harufu. Aliishika penseli kwa mikono miwili ili itulie, akaikandamiza kwenye mti aanze herufi ya kwanza ya jina lake. Haikuandika. Ilizama ndani ya boriti kama kwenye sabuni iliyolowa, ikaenda, ikaenda, mpaka vidole vyake vikagusa mti.

Hakuitoa. Alibaki ameinama hivyohivyo, ameishikilia, na huko nje mwanawe akawa anageuza ndege kuja kutua.